Mjomba ananiuzia plazma ya inchi 50: nichukue au niiache?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mjomba wangu anahamia nyumba ndogo na anataka kuniuzia televisheni yake ya inchi 50. Anasema ni plazma halisi, aliinunua mpya mwaka 2012, na anaapa kwamba picha yake inazishinda LED za siku hizi. Bei anayotaka ni kama nusu ya bei ya LED mpya ya ukubwa huohuo. Sebule yetu ina madirisha mawili makubwa. Watoto hukaa na katuni tangu warudi shule hadi saa moja usiku, baba yao ni mtu wa mpira, nami huangalia filamu usiku wakishalala. Kuna mtu kanitisha kwamba gesi ya plazma huisha na lazima ijazwe kama ya friji. Nichukue au niiache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, sababu zifuate: kwa sebule hiyo na kwa bei hiyo, iache. Lakini mjomba wako hakudanganyi. Anayoyasema kuhusu picha ni kweli, na kwa kuwa ni kweli, ni haki yako kujua unaacha nini. Tena kuna hali ambayo ikitimia ningekuambia ukaichukue leo hii. Nitafika huko.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia kitu kimoja. Jina hili limezagaa, na watu wengi huita plazma televisheni yoyote bapa inayotundikwa ukutani. Nimeletewa "plazma" nyingi mno ambazo nikifungua mgongo nakuta LCD ya kawaida, aina ambayo LED za siku hizi nazo ni mojawapo. Kwa hiyo ukifika kwa mjomba, usianze na picha, anza na uzito. Plazma ya inchi 50 kwa kawaida hupita kilo 20 hata bila mguu wake, na za zamani zaidi hufika 30 na kuendelea. LED ya ukubwa huo ni kilo 10 hadi 15 tu. Kisha gusa uso wake taratibu kwa ncha ya kidole. Plazma ni kioo kigumu kama cha dirisha. LCD nyingi zina uso laini, na ukizigusa picha hutikisika kama maji pale kidole kilipo. Ikishawaka nusu saa, weka kiganja juu ya matundu ya mgongoni: plazma utaisikia joto lake waziwazi. Mwisho soma namba ya modeli nyuma yake uitafute kwenye intaneti. Panasonic, Samsung na LG walizoea kutia herufi P kwenye namba za plazma zao, ila namba kamili ndiyo itakayokuthibitishia.

Tuseme ni plazma kweli. Kwa nini mjomba anaisifu hivyo?

Ndani yake kuna vioo viwili vilivyobanana, na katikati yake vichumba vidogo mno vilivyojazwa mchanganyiko wa gesi za neoni na zenoni. Umeme ukipigwa kwenye kichumba, gesi hugeuka kuwa plazma na kutoa mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni. Mwanga huo hupiga unga wa fosfa uliopakwa ndani ya kichumba, na unga ndio unaowaka mwekundu, kijani au bluu. Vichumba vitatu hufanya nukta moja ya picha. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, yaani vichumba zaidi ya milioni 6, na kila kimoja ni taa inayojiwakia na kujizimia yenyewe.

LED haifanyi hivyo. Televisheni ya LED ya kawaida ni LCD yenye taa ndogo za LED nyuma au pembeni. Taa zinawaka muda wote, na mbele yake kuna tabaka linalofunguka na kujifunga ili kupitisha mwanga au kuuzuia. Sasa wewe mwenyewe unajua pazia lilivyo: hata ukilivuta vizuri, taa ikiwa kali nyuma yake mwanga utapenya. Ndiyo maana usiku, taa za sebuleni zikizimwa, sehemu nyeusi za filamu kwenye LED za bei ya kawaida huonekana za kijivu au za bluu iliyofifia. Mtu akitembea gizani na tochi, kwenye LED unaona ukungu. Kwenye plazma nzuri unaona tochi, uso wake, na giza lililo giza. Wewe uliyesema huangalia filamu watoto wakishalala, hapo ndipo plazma ingekufurahisha kuliko mtu yeyote nyumbani kwako.

Kuna jambo la pili ambalo watu hawalisemi sana. Ukikaa pembeni, picha ya plazma haibadiliki. LCD nyingi, ukitoka katikati, rangi hupauka na nyeusi huwa kijivu. Nyumba yenye watu wengi na viti vilivyozunguka sebule italiona hili kila siku.

La tatu ni mwendo, na hapa baba watoto atanielewa. Mpira unapopigwa kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, LCD hushikilia kila picha hadi inayofuata ifike, na jicho linalofuata mpira huona ukungu. Plazma huwaka kwa mapigo ya haraka sana, giza na mwanga, giza na mwanga, kwa hiyo jicho hupokea picha kali. Televisheni mpya hujaribu kuficha udhaifu huo kwa kubuni picha za katikati, na matokeo yake wakati mwingine filamu huonekana kama tamthilia ya studio. Plazma haihitaji hila hiyo.

Basi utauliza, kama ni nzuri hivyo, mbona haitengenezwi tena? Ni swali zuri, kwa sababu jibu lake linagusa mfuko wako. Skrini ya plazma ilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson, kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa kufundishia ulioitwa PLATO. Skrini zile za mwanzo zilitoa rangi moja tu, machungwa ya neoni. Ilichukua takriban miaka 30 kabla Fujitsu na wenzake Wajapani hawajaifikisha kuwa televisheni ya rangi ya inchi 42. Baadaye Pioneer walitoa Kuro, jina linalomaanisha nyeusi kwa Kijapani, na mpaka leo sisi tuliozigusa tunazizungumzia kwa heshima. Lakini LCD zilishuka bei haraka, zilitengenezeka ndogo na kubwa, na chini ya taa kali za dukani zilionekana zinang'aa zaidi. Mnunuzi husimama dukani dakika kumi, hazimi taa. Ilipokuja enzi ya 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya zile za 1920 kwa 1080, mambo yakawa magumu zaidi, maana ukivipunguza vichumba ili viingie vingi, mwanga hupungua na umeme huongezeka. Pioneer walitangaza kujitoa mwaka 2009. Panasonic walitangaza Oktoba 2013 kwamba wanaacha, na Samsung na LG wakafunga mwaka 2014.

Maana yake kwako ni hii: hakuna kiwanda kinachotengeneza skrini hizo. Kioo kikipasuka au kikifa, televisheni imekufa. Bodi zake zikiungua, fundi atatafuta bodi iliyotolewa kwenye televisheni nyingine iliyokufa, nayo ni ya umri uleule. Nimewahi kumwekea mteja bodi ya aina hiyo ikadumu miezi minne. Sikumlaumu mtu, kwa sababu bodi ilikuwa imechoka kabla sijaigusa, lakini mteja alikuwa ameshalipia kazi. Tangu siku hiyo namwambia kila mwenye plazma ukweli huu kabla sijashika bisibisi.

Sasa tuje sebuleni kwako.

Madirisha mawili makubwa ni adui wa kwanza. Uso wa plazma ni kioo kinachong'aa, na mchana utaona dirisha lako, kochi lako na wewe mwenyewe ndani ya picha. Lingekuwa hilo tu, ungeweka mapazia mazito. Lakini plazma pia haina mwanga mwingi wa kushindana na jua. Ina kidhibiti ndani kinachopunguza mng'ao kadiri eneo jeupe la picha linavyokuwa kubwa, ili isinyonye umeme kupita kiasi. Nyota chache kwenye anga nyeusi zitawaka vizuri sana, ila katuni yenye anga nyeupe na rangi kali skrini nzima itafifia, na saa tisa alasiri kwenye sebule yenye jua watoto watakuwa wakikuomba uongeze mwanga. Ukiongeza, unaingia kwenye tatizo la pili.

Tatizo la pili ni kovu, na hili naomba ulisome kwa makini, kwa sababu ndilo hasa lililonifanya nikuambie uiache.

Fosfa huchakaa kwa kutumika. Ile inayowaka sana huchakaa mapema kuliko jirani yake. Picha zikibadilikabadilika, skrini nzima huchakaa kwa pamoja na huoni tofauti. Lakini kituo cha katuni kina nembo kwenye kona, haihami, na mara nyingi ni nyeupe au ya rangi kali. Saa 3 kila siku ni zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka za nembo ileile mahali palepale. Siku moja unaangalia filamu, tukio la ukungu au mbingu, na ile nembo inakutazama kutoka kona yake ingawa kituo si hicho. Mteja mmoja aliniletea plazma yenye utepe wa habari chini, maneno yalikuwa yamefutika lakini mstari wa utepe ulionekana kama pindo la shuka. Alitaka nimsafishie. Hakuna cha kusafisha. Sehemu ile imechakaa kuliko nyingine, na uchakavu haurudishwi.

Usichanganye kovu na kivuli cha kupita. Kwenye plazma nyingi ukiacha picha iliyosimama kwa muda, ukibadilisha utaona mzimu wake kwa dakika kadhaa kisha unapotea. Hicho ni kivuli, hakina madhara. Televisheni za miaka ya 2010 na kuendelea zina utaratibu wa kusogeza picha nukta chache bila wewe kujua, na nyingi zina mstari mweupe unaopita skrini nzima kufuta vivuli. Hizo zinasaidia kweli, na plazma ya 2012 ni mvumilivu kuliko ya 2004. Mechi ya dakika 90 yenye kisanduku cha magoli haitaiumiza. Michezo ya video yenye ramani kwenye kona, saa nyingi kila siku, itaiumiza. Chaneli moja ya watoto kila jioni mwaka hadi mwaka, huku mwangaza umepandishwa juu kwa sababu ya madirisha, itaiumiza pia. Sebule yako ina mambo yote mawili kwa pamoja, jua na nembo, na ndiyo matumizi yanayoichakaza vibaya kuliko yote.

Halafu umeme. Plazma ya inchi 50 ya wakati ule hutumia takriban wati 150 hadi 300 kutegemea modeli na kinachoonyeshwa, maana tukio la usiku hula kidogo na uwanja wa mpira hula kingi. Namba iliyoandikwa mgongoni ni ya juu kabisa, usitishike nayo sana. Tuchukue 250. Kwa saa 6 kwa siku, hizo ni uniti 1.5 kila siku, karibu uniti 550 kwa mwaka. LED ya inchi 50 ya wati 80 kwa saa zilezile itakula karibu uniti 175. Tofauti ni kama uniti 370 na kitu. Zidisha hiyo kwa bei unayolipia uniti moja, kisha ulinganishe na ile nusu ya bei unayofikiri unaiokoa. Hesabu hiyo ifanye wewe, kwa kalamu, kabla hujampigia mjomba. Na kama nyumba yako inategemea sola na betri, usiendelee kusoma: plazma haikufai.

Wati hizo nyingi huishia kuwa joto. Chumba kidogo utalisikia. Baadhi zina feni nyuma, na zote zina mvumo fulani, zzz nyembamba inayopanda picha ikiwa nyeupe. Wengi hawausikii, nataja kwa sababu wachache hawawezi kuuvumilia. Mahali penye mwinuko mkubwa, kuanzia kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvumo huzidi, kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi na vioo havibanwi vizuri. Watengenezaji wenyewe waliweka ukomo wa mwinuko kwenye vitabu vya maelekezo.

Kuhusu gesi, mwambie aliyekutisha atulie. Gesi imefungiwa humo tangu kiwandani, vioo vimezibwa kwa joto, haijazwi na hakuna fundi anayeweza kuijaza. Ukikutana na anayesema atakujazia gesi ya plazma, ondoka. Kinachopungua polepole ni nguvu ya fosfa. Watengenezaji walitaja saa 60,000 kwa za zamani na hadi 100,000 kwa za baadaye, kabla mwanga haujashuka kufikia nusu. Televisheni iliyowashwa saa 5 kwa siku hufikisha saa 18,250 tu katika miaka 10. Kwa hiyo umri wa skrini si tatizo lake kubwa. Zinazokufa mapema ni bodi, hasa kapasita (vipande vidogo vinavyohifadhi umeme) za bodi ya umeme na zile bodi mbili zinazosukuma mapigo kwenye skrini, bodi ya Y na mwenzake wanayoiita X au Z kutegemea kampuni. Hapo kuna volti 200 hivi, na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa, kwa hiyo mtu asiye fundi asifungue mgongo hata kwa udadisi.

Kuna mambo madogo ya kizazi. Televisheni ya 2012 haina 4K, haina HDR (ile ya kuonyesha tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza), programu zake za intaneti nyingi hazifanyi kazi tena. Hili la programu lisikusumbue: kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye HDMI kinalimaliza. King'amuzi cha ndani huenda ni cha mfumo wa zamani, lakini wengi siku hizi wana king'amuzi cha nje. Na 4K kwa inchi 50 si jambo kubwa kama matangazo yanavyosema; ukikaa mbali kuliko mita 2 jicho la kawaida haliwezi kutenganisha nukta za 1080. Ila hakikisha kwamba hiyo ya mjomba ni ya 1080 kweli. Plazma nyingi za bei nafuu za inchi 50 za miaka ile zilikuwa na nukta 1024 kwa 768 au 1366 kwa 768 tu, na hizo ukikaa karibu utaona maandishi yana meno.

Nimekuambia uiache kwa bei hiyo. Je, ni wakati gani ningekuambia uichukue? Mjomba akikupa bure au kwa kitu kidogo cha shukrani, nawe ukawa na chumba kingine chenye giza cha kuiweka, itumike usiku kwa filamu na mpira, watoto wabaki na televisheni yao nyingine. Hapo ningekuonea wivu. Mimi mwenyewe ninayo moja ya 2010 kwenye chumba cha nyuma, nayo siku za filamu hainiachi nitoke mapema.

Kama mtafika huko, hivi ndivyo utakavyoikagua. Mwombe mjomba asiiwashe siku hiyo kabla hujafika. Hili ni muhimu. Kapasita zilizochoka hujificha televisheni ikiwa na joto. Ikiwa baridi ndipo utakapoisikia inabofya, taa inapepesa, picha inachelewa au inajaribu mara mbili tatu kabla haijashika. Televisheni isiyo mbovu huwaka mara moja. Taa ikipepesa mara kadhaa kwa mpangilio kisha ikazima, hiyo inakuambia ugonjwa wake kwa namba, na hupaswi kuilipia.

Nenda na flashi yenye picha sita za rangi tupu: nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, bluu na nyeusi. Ziweke skrini nzima, moja baada ya nyingine, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Kwenye kijivu na nyeupe tafuta nembo kwenye kona nne, utepe chini, na mistari miwili ya kusimama kushoto na kulia inayoachwa na vipindi vya zamani vya picha ya mraba. Ukiona alama, badilisha uangalie kitu kingine dakika 20 kisha urudi. Ikiwa bado ipo vilevile, ni kovu. Nyekundu, kijani na bluu zitakuonyesha nukta zilizokufa na rangi iliyochoka kuliko wenzake. Nyeusi ndiyo mtihani mkubwa. Ukiona vimulimuli vyekundu au vya kijani vikichezacheza kwenye giza, vichumba havitii tena umeme ipasavyo. Wakati mwingine fundi anaweza kurekebisha volti, mara nyingi ni dalili ya uzee. Mstari mwembamba wa kusimama kutoka juu hadi chini hautibiki. Ukanda mpana wa kulala mara nyingi ni bodi, unatibika ikiwa bodi itapatikana.

Baadaye iacheni ikiwaka saa nzima, mkinywa chai. Kuna magonjwa yanayokuja joto likipanda. Weka mpira, weka filamu, kaa pembeni, kaa karibu. Ukikaa karibu mno utaona giza likichemka kama mchanga mwembamba, na penye mwendo wa kasi huenda ukaona mkia wa kijani na manjano nyuma ya kitu cheupe, kwa kuwa fosfa ya kijani huchelewa kuzimika. Hayo si ubovu, ndivyo plazma zilivyo, lakini jicho lako ndilo litakaloishi nayo. Wengine hawayaoni kabisa. Mimi huuona ule mkia kila mara na nimeshauzoea.

Ukishakuwa nayo, iweke kwenye picha ya sinema, si ile ya dukani inayochoma macho. Punguza kontrasti, washa ile kazi ya kusogeza nukta, na usiiache ikiwaka kwenye menyu au kituo kimoja mkiwa jikoni. Iache nafasi ya kupumua nyuma na juu.

Kama jibu litabaki kuiacha, basi kwa sebule yenu tafuteni LED yenye mwanga wa kutosha na uso usioakisi sana, na kabla ya kulipa muulize muuzaji azime taa zilizo karibu uone nyeusi yake. Usiwe na haraka. Zipo zenye taa nyingi nyuma zinazozimika kwa maeneo, nazo husogelea kidogo ile nyeusi ya mjomba. Na kama siku moja mtakuwa na uwezo na moyo wako bado uko kwenye ile picha, jina la kuuliza ni OLED. Kila nukta yake hujiwakia kama ya plazma, nyeusi yake ni giza kamili, ni nyepesi na haina ule mvumo. Nayo hupata makovu ya nembo, kwa hiyo shauri langu kuhusu katuni linaendelea kukuhusu.

Jambo la mwisho ni la kumfikishia mjomba, yeyote atakayeichukua. Wakati wa kuhama, televisheni ile ibebwe imesimama, watu wawili, imefungwa blanketi pande zote. Isilazwe. Kioo chake ni kizito na chembamba, na ikilazwa nyuma ya gari barabara ikiwa mbaya, hupasuka kwa ndani pembeni bila kelele, na mwenyewe hajui mpaka atakapoichomeka kwenye nyumba mpya. Nimeziona tatu za namna hiyo, zote zilikuwa zikifanya kazi asubuhi ya siku ya kuhama.